Miguu ya cherehani isiyo ya kampuni: kuchagua adapta, kuifunga na kuijaribu

Fundi mwenye cherehani moja anaweza kupinda ushungi wa shifoni, kutia zipu ya kuficha kwenye gauni na kushona mkoba wa ngozi bila kununua mashine nyingine. Kinachobadilika ni mguu, kile kipande kinachokandamiza kitambaa wakati sindano inashuka. Miguu ya kampuni iliyotengeneza mashine ni ghali, na kwa mashine nyingi za zamani kuipata ni kazi. Ndiyo maana maduka ya vipuri, kuanzia Kariakoo hadi yale ya mtandaoni, yamejaa miguu isiyo na jina. Inauzwa mmoja mmoja au kwa kisanduku cha vipande 32, 42 na kuendelea, na ndani yake kuna kichuma kidogo kinachoitwa adapta, kinachounganisha mguu na mashine.

Miguu hiyo ni mizuri kuliko sifa inayopewa. Balaa huanza pale fundi anapoona mguu umeingia, skrubu imekaza, akaamini mambo yameisha, akakanyaga. Mguu unaweza kufunga vizuri kabisa na bado sindano ikaugonga, au meno yakashindwa kusukuma kitambaa, au ukakaa upande juu ya bamba, kile chuma bapa kilicho chini ya sindano. Kwa hiyo hapa maneno mengi yatakwenda kwenye kupima na kujaribu. Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika moja.

Pima kabla ya kutoa pesa

Ondoa kitambaa chote. Zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako mpaka meno yazame chini ya bamba, kisha teremsha mguu ulio kwenye mashine sasa hivi. Nyuma ya sindano utaona nguzo inayoubeba mguu, na ubavuni mwake skrubu inayoushika. Weka rula wima na upime kutoka kwenye bamba hadi katikati ya skrubu hiyo. Ukipata kati ya sentimita 1.3 na 2, mashine yako ni ya nguzo fupi. Ukipata 2.5 au zaidi, ni ya nguzo ndefu. Baada ya kupima, ikague mashine kwa ubavuni. Kama nguzo na sindano zimelala kidogo badala ya kusimama wima, hiyo ni nguzo ya mshazari, na miguu ya aina mbili za kwanza haitaifaa.

Cherehani nyeusi za chuma za Butterfly zilizojaa kwenye vibaraza vya mafundi zimejengwa kwa mfano wa Singer 15, nazo ni za nguzo fupi. Brother, Janome na Singer nyingi za nyumbani za siku hizi ni za nguzo fupi pia, na ndiyo maana visanduku vingi vinavyouzwa vimelengwa kwao. Mashine za kiwandani kama Juki DDL-8700 zina nguzo ndefu, na zipo za nyumbani za nguzo ndefu vilevile, kwa mfano Janome 1600P. Ya mshazari utaikuta kwenye Singer za zamani kama 301, iliyotoka mwaka 1952, na 401 iliyokuja baadaye. Bernina haimo kabisa kwenye hesabu hii, kwa kuwa ina namna yake ya kushika mguu, tena ile ya matoleo ya zamani si sawa na ya matoleo mapya. Mwenye Bernina anunue adapta kwa namba ya toleo lake, asinunue kwa kukisia.

Usimwamini muuzaji anayesema mguu wake unaingia mashine zote. Beba kipimo chako, au bora zaidi, fungua mguu wako wa sasa uende nao dukani mfukoni. Uwekeni ubavuni mwa ule mpya juu ya kaunta, skrubu kwa skrubu, na macho yatawaambia mengi.

Adapta gani inafanya kazi gani

Inayotumika zaidi ni ile ya miguu ya kupachika. Ni kichuma kifupi chenye tundu au mkato wa skrubu juu, na chini kina mfereji mwembamba unaovuka kutoka kushoto kwenda kulia. Mguu nao una kijiti cha chuma mgongoni, kilichopita kwa kuvuka kama ngazi ya hatua moja. Kijiti kinaingia mferejini, springi inakibana, unasikia "tak". Nyuma ya adapta kuna kiwenzo kidogo. Ukikisukuma, mguu unaanguka. Ukishaifunga adapta hii, kubadilisha mguu hakuhitaji bisibisi tena, na kwa anayeshona nguo za wateja watano kwa siku moja hiyo ni nafuu kubwa.

Ya pili ni ya kushusha nguzo ndefu iwe fupi. Unaifunga kwenye mashine ya nguzo ndefu, kisha miguu ya nguzo fupi inaingia chini yake. Kinyume chake hakiwezekani kwa namna yenye maana. Mguu wa nguzo ndefu ukifungwa kwenye mashine ya nguzo fupi utagota kwenye bamba kabla nguzo haijashuka vya kutosha, na ukiulazimisha utapoteza nafasi yote ya kupitisha kitambaa. Mtu akikuuzia kitu cha kufanya hivyo, kiache dukani.

Zipo pia za nguzo ya mshazari na za Bernina. Hizo nazo kwa kawaida huishia na ule mfereji wa kupachika, kwa hiyo mwenye Singer 401 anaweza kutumia miguu ileile anayotumia mwenye Brother, mradi adapta iwe ya mshazari.

Kufunga

Zima umeme kama mashine ni ya umeme. Kama ni ya kukanyaga, ondoa miguu yako kwenye kanyagio, na kama kuna watoto karibu vua mkanda kwenye gurudumu. Pandisha sindano hadi juu kabisa, nyanyua wenzo wa mguu, legeza skrubu na utoe mguu wa zamani. Pangusa nguzo kwa kitambaa kikavu. Pamba na mafuta yaliyoganda pale huzuia adapta kukaa sawa, na upotovu mdogo wa juu unakuwa mkubwa ukifika chini kwenye ncha ya mguu.

Ingiza adapta kwenye nguzo na uishike kwa skrubu ya mashine yenyewe, kwa vidole tu, isikaze bado. Skrubu iliyokuja na adapta itumie ikiwa tu inaingia laini kwa vidole. Ikigoma mzunguko wa kwanza usiipeleke kwa bisibisi, maana utakula njia za skrubu ndani ya nguzo na nguzo hiyo ni ya mashine, si ya adapta. Sasa pachika mguu wa kawaida wa kushonea, zamisha meno, na teremsha wenzo. Mguu ukishalala bapa kwenye bamba, adapta imejipanga yenyewe. Hapo ndipo ukaze kwa bisibisi pana inayojaa mfereji wa skrubu. Kukaza wakati mguu uko hewani ndiko kunakoleta adapta iliyopinda.

Shika mguu kwa vidole viwili uutikise. Unatakiwa kuinamisha pua na kuinua, kwa sababu ndivyo unavyopanda juu ya mishono minene. Kwenda kushoto na kulia hautakiwi. Ukicheza pembeni, kijiti cha mguu ni chembamba au kifupi kuliko mfereji wa adapta, na sindano itaugonga siku yoyote utakayoshona jinzi. Mguu wa namna hiyo rudisha.

Jaribu kwa mkono kabla ya kukanyaga

Weka sindano nzima, iliyonyooka, namba 90/14 ikiwa unajaribia kitenge au kanga. Bila uzi wala kitambaa, teremsha mguu na zungusha gurudumu la mkono taratibu kuelekea kwako, sindano ipite chini na kurudi juu. Inamisha kichwa uangalie usawa wa tundu la mguu. Sindano ishuke katikati, bila kugusa chuma mbele, nyuma wala pembeni. Ikifika chini kabisa, tazama kishikio cha sindano: kisiguse kichwa cha adapta wala mgongo wa mguu. Baadhi ya adapta zimetengenezwa nene, na kishikio chenye skrubu ndefu huzigonga.

Kama mashine ina zigizaga, weka upana wa mwisho utakaotumia na urudie, ukitazama upande wa kushoto na wa kulia. Mashine nyingine hushona kwa upana wa milimita 5, nyingine 7, nyingine 9. Mguu uliotengenezwa kwa 5 ukiwekwa kwenye mashine ya 7 utashona zigizaga nyembamba bila shida, na utavunja sindano ukiipanua.

Kuna jambo moja kuhusu mashine za kompyuta linalowashangaza wengi. Brother kadhaa zikiwashwa huchagua mshono ulionyooka wa upande wa kushoto, si wa katikati. Mguu wenye tundu dogo la katikati ukiwa umefungwa, sindano ya kwanza inashukia chuma. Kabla hujakanyaga, chagua mshono wa katikati kwenye ubao wa vitufe, halafu zungusha kwa mkono uhakikishe.

Baada ya sindano, pima ulalo. Zamisha meno, teremsha mguu juu ya kipande cha karatasi, uivute kwa mbele, kisha fanya hivyohivyo kwa nyuma. Ugumu uwe mmoja. Ikibanwa mbele na kuteleza nyuma, mguu umeinama. Mara nyingi tiba ni kulegeza skrubu na kukaza upya ukiwa umelala bapa.

Kama sindano haishuki katikati hata baada ya kukaza upya, rudisha mguu wa asili uliokuja na mashine. Kwa mguu wa asili ikishuka katikati, kosa ni la adapta, kabadilishe. Kwa mguu wa asili nako ikienda upande, sindano yako imepinda au nguzo ya mashine imezunguka, na hiyo ni kazi ya fundi wa mashine. Nimeona watu wakishika tupa na kulipanua tundu la mguu mpaka sindano ipite. Siwashauri. Tundu likipanuka, kitambaa kinapoteza msaada kuizunguka sindano, na utaanza kuruka mishono bila kujua sababu.

Mwenye cherehani nyeusi asome hapa

Cherehani za mshono mmoja ulionyooka zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu miguu mingi ya visanduku ilitengenezwa kwa ajili ya zigizaga. Meno ya cherehani hizi ni membamba na yamekaribiana. Mguu wa zigizaga una uwazi mpana katikati, na vidole vyake viwili viko mbali. Ukiuteremsha juu ya meno membamba, sehemu ya meno inaangukia kwenye uwazi, na kitambaa kinashikwa kwa ukingo tu. Kwenye kitenge hutaona tofauti kubwa. Kwenye shifoni au satini kitambaa kitavutika upande, na kitapanda na sindano kila inaponyanyuka. Kitambaa kinapopanda na sindano, uzi haufanyi kitanzi vizuri kule chini, na mshono unarukwa. Fundi anahangaika na mkazo wa uzi siku nzima kumbe tatizo ni uwazi wa mguu.

Kwa hiyo, kwa kushona kawaida baki na mguu wa asili mwembamba. Miguu ya kupachika itumie kwa kazi maalumu: kupinda, zipu, paipini, ngozi. Na kila unapochagua, ugeuze mguu uangalie tumbo lake. Pandisha meno juu, teremsha mguu, na uhakikishe kwamba vidole vyote viwili vinakaa juu ya meno.

Mguu hauleti mshono ambao mashine haina. Mguu wa kufunga kingo unaouzwa kwa jina la ovaloki unafanya kazi na zigizaga, na mwingi wa aina hiyo una kijiti katikati kinachoshikilia uzi usikunje ukingo. Kwenye mashine ya mshono mnyoofu, sindano inaweza kushukia kijiti hicho moja kwa moja.

Mfano wa kazi: kupinda kanga

Kanga, au leso kama wanavyosema Mombasa, huuzwa doti nzima, vipande viwili vimeungana, na anayenunua ndiye anayetafuta fundi wa kukata na kupinda. Ni kazi ya kila siku, malipo yake ni madogo, na ndiyo inayoonyesha vizuri faida ya mguu wa kupinda. Mguu huu una kikonokono mbele kinachoviringisha ukingo wa kitambaa mara mbili kabla haujafika kwenye sindano. Kuna wa milimita 3 na wa milimita 6, miongoni mwa vipimo vingine. Mguu wa milimita 3 unakula kama milimita 6 za kitambaa, na wa 6 unakula kama 12. Kwa kanga napenda wa 6. Wa 3 uuache kwa shifoni na ushungi mwepesi.

Pinda kanga kabla ya kufuliwa, ingali ngumu kwa dawa ya kiwandani. Ugumu ule ndio unaosaidia ukingo kusimama ndani ya kikonokono. Kata kwa mkasi kwa kufuata mstari wa chapa, usichane kwa mkono, kwa sababu chapa si lazima iende sambamba na nyuzi. Ondoa nyuzi zinazoning'inia. Kwenye pembe kata kipande kidogo cha mshazari ili unene upungue.

Kunja sentimita 2 hadi 3 za mwanzo kwa vidole mara mbili, kwa upana uleule wa mguu, na uzishone mishono michache. Simamisha sindano ikiwa chini ndani ya kitambaa, nyanyua mguu, na uongoze ukingo ulio mbele uingie kwenye kikonokono mpaka ujizungushe. Teremsha mguu. Shika ncha za nyuzi nyuma ya mguu na uzivute kidogo kwa mishono ya kwanza, maana pale mwanzoni meno hayana kitambaa cha kutosha kukamata.

Kuanzia hapo kazi yote iko mkono wa kulia. Ukingo uusimamishe kidogo, uelekee kushoto, uujaze mfereji wa kikonokono bila kufurika. Kitambaa kikiingia kingi, upindo unavimba na kujikunja. Kikiingia kidogo, ukingo mbichi unachungulia nje na utachanika ikifuliwa mara mbili tatu. Jicho liwe kwenye mdomo wa kikonokono, si kwenye sindano. Ukiona ukingo umetoka, simama papo hapo sindano ikiwa chini, nyanyua mguu, rudisha ukingo, endelea. Ukizoea, upande mmoja wa kanga unakwisha bila kusimama hata mara moja, na upindo unatoka sawa kuliko ule wa kupigwa pasi kwanza.

Miguu inayoingia lakini ikagoma

Mguu wa matundu ya vifungo wa hatua moja unategemea wenzo unaoshuka kutoka kichwani mwa mashine na kugonga vizuizi vilivyo kwenye mguu, ndivyo mashine inavyojua tundu limefika mwisho. Mguu wa mashine nyingine unaweza kupachika vizuri na wenzo usifike kwenye vizuizi, na mashine ikaendelea kushona upande mmoja bila kurudi. Hapo mguu wa kampuni unastahili bei yake. Kwa mashine inayoshona tundu kwa hatua nne, mguu wa kawaida wa kuteleza unatosha.

Mguu wa kutembea, ule mkubwa unaosukuma kitambaa cha juu sambamba na cha chini, haupachikwi kwenye adapta. Toa adapta, uufunge moja kwa moja kwenye nguzo, na mkono wake wenye uma upite juu ya skrubu ya kishikio cha sindano. Uma usipokaa pale, mguu hautembei. Kaza kwa bisibisi, kwa sababu uzito wake hulegeza skrubu iliyokazwa kwa vidole.

Mguu wa zipu wa kupachika una vijiti viwili, kushoto na kulia, ili uushike upande unaotaka. Kila ukihama upande, zungusha kwa mkono mara moja. Mguu wa zipu ya kuficha una mifereji miwili chini inayoyalaza meno ya zipu pembeni. Mingi ni ya plastiki na hufanya kazi nzuri, lakini ni wa mshono mnyoofu tu.

Kwa ngozi na plastiki kuna mguu mweupe usiong'ang'ania. Usipoupata, bandika selotepu ya karatasi chini ya mguu wa kawaida, itoboe mahali sindano inapopita, na kazi itateleza.

Nini ununue kwanza

Kisanduku cha vipande 42 kinavutia kwa bei, lakini wengi hutumia mitano na mingine inapata kutu. Kwa fundi wa nguo za kawaida ningeanza na adapta nzuri ya chuma, mguu wa zipu, wa zipu ya kuficha, na wa kupinda wa milimita 3 na wa 6. Ongeza wa ngozi ukipata kazi ya ngozi. Adapta nunua mbili kama pesa inaruhusu, kwa sababu springi yake ndiyo inayochoka mapema kuliko kitu kingine chochote. Ukiona mguu unaanguka wenyewe unaponyanyua wenzo, springi imekwisha.

Unene wa adapta ngeni unaweza kubadilisha mkandamizo wa mguu. Kwenye cherehani nyeusi kuna skrubu kubwa juu ya nguzo. Ilegeze kidogo kwa kitambaa chepesi, ikaze kwa kizito, na ujaribu kwenye kipande cha kitambaa kilekile cha mteja. Na kila unapobadilisha bobini, gusa skrubu ya adapta kwa bisibisi. Mtikisiko wa mashine huilegeza polepole, na adapta iliyolegea huteremka upande wa sindano.